Mkaguzi na Mkebe wa Vifungo

Jumatatu, 2 Septemba

Ahsante Mungu, nimeamka mikono inanitii. Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza kila siku kabla sijaomba kingine chochote, maana fundi cherehani akigomewa na mikono hana pa kwenda kushtaki.

Nimeamua kuandika humu wakati pasi inapata moto. Pasi yangu ni ya mkaa, haina haraka na mtu. Ukikaa kuitazama utazeeka. Daftari lenyewe ni la vipimo, kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya wateja. Shule niliishia la saba, kwa hiyo asitafute mtu mapambo humu.

Leo shule zimefunguliwa, muhula wa mwisho wa mwaka. Mjukuu wangu wa kike yuko darasa la awali, na Mungu akipenda Januari anaingia la kwanza. Mama yake, binti yangu wa pekee, yuko mbali kikazi na anarudi mwisho wa Novemba. Mtoto nimemlea mimi tangu hajatambaa, humu humu chumba cha kushonea, kwenye mkeka kando ya cherehani.

Jina lake analo, lakini mtaa mzima unamwita Mkaguzi. Aliyempa ni kaka yangu seremala, ambaye karakana yake iko upande wa pili wa ukuta. Mtoto anatembea kaifumbata mikono nyuma, tumbo mbele, anatazama kila kitu na hagusi kitu. Leo tena nimewasikia.

"Mkaguzi, umenikuta na kosa gani leo?"

"Kiti kimeinama, Babu."

"Kimeinama? Hicho kinasali, kiache."

Alhamisi, 5 Septemba

Sare mpya za darasa la awali nimezimaliza zote. Ovaroli za bluu, mikanda miwili inafungwa kifuani kwa vifungo. Matundu ya vifungo nimeyashona kwa mkono, yamekaza, hakuna uzi ulionyanyuka. Marehemu mama yangu angeyaona angenyamaza, na mama kunyamaza ndiyo ilikuwa sifa.

Jumatano, 11 Septemba

Mkaguzi amerudi kavaa kaptula ya kuazima. Ovaroli imo kwenye mfuko, imelowa. Nimemwogesha, nimemvalisha, amelala.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo pasi ipate moto ipoe, nitaandika tu.

Asubuhi mtoto alisema, "Sitaki shule." Nikampeleka hivyo hivyo, tumeshikana mikono, tukafika kwa mwalimu wake. Ni binti mdogo, hata mwanangu anamzidi umri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuja na aibu yangu."

"Aibu ya nini? Watoto wanajikojolea kila siku, ndiyo maana nina kaptula za akiba." Akanivuta pembeni. "Ila Bibi, usinichukie. Matundu yako yamekaza mno kwa vidole vya watoto."

Ilinichoma. Nikamwambia tundu likilegea kifungo kinachomoka, na mtoto atabaki bila nguo barabarani.

"Sawa, wewe ndiye fundi. Lakini wenzake wanavuta, wanalia, wanang'ata kwa meno, wananiita. Yeye hakujaribu. Alisimama mikono nyuma mpaka maji yakamshuka. Nikamuuliza, mbona hukufungua? Akanijibu, 'Ni vya Bibi.'"

Akaniletea karatasi ya mjukuu wangu. Mistari ilikuwa imechorwa kwa nguvu hadi karatasi imetoboka. Akanionyesha jinsi anavyoshika penseli: ngumi nzima, kama mtu anayeshika mchi.

"Mwezi wa kumi na moja natakiwa kusema nani anapanda. La kwanza ni wengi, hakuna wa kumvalisha mtoto wala kumfungulia. Mkaguzi ana akili, anajua hata hesabu ambazo sijafundisha. Lakini kwa mikono hii nitalazimika kumbakiza."

"Nimnunulie penseli nimfundishe nyumbani?"

"Hapana, penseli iache. Penseli ni paa, Bibi, na wewe msingi hujachimba. Mpe unga akande. Mpe kitambaa akamue. Mkono unaanzia begani, unashuka kwenye kiwiko, unafika kwenye kifundo, vidole vinakuja mwisho. Na akichafuka, mwache achafuke."

Nilirudi nyumbani nikichemka. Mtoto wa jana anifundishe mikono, mimi niliyevalisha nusu ya mji! Nikakaa kwenye cherehani. Mchana Mkaguzi alirudi, akakaa kwenye mkeka wake, nami kwa mara ya kwanza nikajisikiliza. Usiguse pini. Usiguse mkasi, utajikata. Usiguse hicho kitambaa ni cha watu. Usiguse pasi. Nikachoka kujisikiliza kabla chai haijachemka.

Na asubuhi je? Huwa namfunga vifungo vyote hajamaliza hata kupiga miayo. Nilikuwa najisifu kwa majirani: kwangu mtoto anavaa kufumba na kufumbua. Kumbe anayevaa ni mimi. Nyumba ya fundi, na mtoto hajui kifungo.

Ee Mungu, yule mwalimu anasema kweli, na mimi najua kwamba anasema kweli. Nipe moyo wa kulimeza neno lake.

Jumapili, 15 Septemba

Baada ya ibada nimekaa tu, nimeutazama mkebe.

Uko juu ya kabati, mkebe wa bati wa biskuti, rangi imebanduka, umebaki mkono mmoja wa msichana aliyechorwa kifunikoni. Ulikuwa wa mama yangu. Mama naye alishona, kwa cherehani ya miguu, na mimi nikiwa mdogo nyumba yangu ilikuwa chini ya meza yake, kando ya kile kikanyagio kinachopanda na kushuka. Mkebe ulikuwa wangu mchana kutwa. "Nichagulie vya bluu," alikuwa akisema bila kunitazama. Nazamisha mkono mpaka kifundoni, vifungo vinaniteleza kati ya vidole, vya baridi, vingine vya mfupa, vingine vya shaba, kimoja cha koti la askari. Sauti ya vile vifungo ni kama mvua inayoanza kwenye bati. Nikimpa cha kijani ananirudishia bila neno, nami nazama tena. Sikumbuki siku niliyofundishwa kutunga uzi kwenye sindano. Nadhani vidole vilikuwa vimeshajifunza kwenye mkebe ule kabla sindano haijafika.

Binti yangu alipozaliwa nilifanya vile vile. Akiwa bado anatambaa aliokota punje ya mchele sakafuni, kwa vidole viwili, taratibu, kama kuku anavyodonoa. Marehemu mume wangu akaniita nikaone. Tulikaa sakafuni watu wazima wawili, tunamwekea punje, anaokota, tunapiga makofi. Tulikuwa wajinga kwa furaha.

Kisha ikaja siku ya kifungo. Kidogo, cheupe, cha shati la mwanamume. Nilikuwa nimegeuka kuchukua uzi. Niliporudi alikuwa amebadilika rangi, mdomo wazi, sauti haitoki. Baba yake alimgeuza kichwa chini akampiga mgongoni, na kifungo kikaruka mpaka mlangoni. Mtoto akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Siku hiyo hiyo mkebe ulipanda juu ya kabati, na neno "usiguse" likahamia nyumbani kwetu. Binti yangu alikua nalo. Amekuwa mtu mzima, ana kazi yake, na hata leo ukimpa sindano anaishika kama nyoka. Mimi husema tu kwamba hakuzaliwa na mkono wa kushona.

Jumanne, 24 Septemba

Mkate. Nilimpa donge lake la unga. Alilitazama, mikono nyuma.

"La nani?"

"La kwako."

"Na nikiliharibu?"

"Tutalila limeharibika."

Akaligusa kwa kidole kimoja kama anabisha hodi. Hatimaye kapiga ngumi. Tumekula mkate wenye umbo la kiatu. Kaka yangu alisema ni mtamu ila unabana kwenye kisigino.

Jumatano, 2 Oktoba

Kakamua vitambaa, kamwaga maji sakafu nzima. Nilikwenda uani kujizuia kusema.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua zimeanza. Nguo tunaanika ndani, na Mkaguzi ndiye mwenye vibanio. Mwanzoni kibanio hakikumfungukia hata kwa mikono miwili. Leo kabana taulo, kabana kola ya mteja, kabana na sikio la babu yake aliyekuja kuazima kiberiti.

"Dada, huyu mtoto umempa madaraka makubwa," alilia kaka yangu.

"Usijitingishe, Babu, hujakauka."

Nimecheka peke yangu mpaka wakati wa kulala. Kwenye sala nikamtajia Mungu lile sikio.

Jumamosi, 12 Oktoba

Njegere. Ameganda kwenye ganda moja muda wote wa pasi, mpaka likapasuka. Hakula hata moja, amezipanga mstari.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimeushusha mkebe.

Nilipanda kwenye kiti, nikaupangusa vumbi, nikakaa nao mapajani kabla hajarudi kutoka shule. Nilijiambia, huyu si mtoto wa kutambaa, ana miaka sita, hatatia kifungo kinywani. Moyo haukusikia hesabu hiyo. Nikamwomba Mungu anishikie hofu yangu kwa muda, kama mtu anavyomwomba jirani amshikie mzigo afunge kiatu.

Aliporudi nikaufungua. Hakuuliza ni vya nani. Alipiga magoti, akautazama, kisha mkono ukazama. Nikaisikia tena ile mvua ya kwenye bati. Nikamgeuzia mgongo nikakanyaga cherehani hata kitambaa hakipo.

"Nichagulie vyeupe," nikasema bila kumtazama.

Amefanya mpaka giza. Mwalimu naye amempa mkasi wa kitoto usio na ncha, anasema mkono hauna nguvu ya kuubana, aje nao afanye mazoezi ya kukata karatasi. Tumekata mpaka gazeti la kufungia nyama.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia na gauni.

Mkunga wa zahanati anastaafu. Aliniletea kitambaa cheupe kizuri, nikamshonea gauni la kuagwa, vifungo vya lulu kutoka kolani mpaka magotini. Jana jioni nilimaliza, nikalitundika mlangoni. Leo mchana nilitoka kununua mkaa. Mvua ikanikuta dukani, nikangoja ipungue.

Niliporudi Mkaguzi alikuwa sakafuni na mkebe, uso unang'aa. "Bibi, nimekuchagulia vyeupe! Vyote!"

Nikatazama gauni. Halikuwa na kifungo hata kimoja. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia kama meno yaliyong'oka, na katikati ya kifua kuna tundu, mkasi umepita kwenye kitambaa chenyewe. Na yeye ananinyooshea kiganja kimejaa lulu.

Nilimpiga. Kofi la mkono, juu ya kile kiganja. Lulu zikatawanyika chini ya kabati, chini ya cherehani, kila mahali. Nikasema, sikusema, nilipiga kelele: "Nimekwambia usiguse vitu vya watu!"

Hakulia. Bora angelia. Aliutazama mkono wake, akaupeleka nyuma, akaufuata na wa pili. Akanitazama vile anavyotazama viti vya babu yake.

Kaka yangu alisikia kelele, akaja mlangoni akiwa na randa mkononi. Alituangalia sote wawili, akatafuta utani, hakuupata. Akapiga magoti akaanza kuokota lulu.

Jumapili, 27 Oktoba

Nilikwenda kwenye ibada lakini sikuweza kuinua mikono.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mkunga amekuja. Nilikuwa nimerudisha vifungo vyote, lile tundu nimeliwekea alama ya pini, na hotuba ya kuomba radhi nimeikariri. Alipoona tundu alivuta pumzi kwa hasira.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Ya mjukuu wangu. Na ni kosa langu, nilimwacha peke yake."

"Kwa mkasi upi?"

Nikamwonyesha ule wa kitoto. Akautia vidole, akajaribu kukata ncha ya kitambaa, ukatafuna tu. Akajaribu tena. "Ebo! Mkasi huu hata siagi haukati. Huyu mtoto kala nini?" Akaanza kucheka, mwili mzima. "Basi nitilie mfuko hapo, niweke leso. Siku ya kuagwa nitalia tu."

Mimi sikucheka. Wiki moja nyuma mwalimu alisema mkono hauna nguvu ya kubana mkasi. Mtoto alibana mkasi, akakata uzi mgumu wa kifungo, kifungo kwa kifungo, kutoka kolani mpaka magotini, kwa sababu nilimwambia anichagulie vyeupe. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya kwa mikono yake, na alikuwa ananiletea.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Mikono nyuma.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Nimemwomba radhi, nimemkumbatia, kakumbatika bila kunishika. Unga hagusi. Vibanio hagusi. Nimemwambia, "Mkebe uko hapo, mama, cheza."

"Ni wa Bibi."

"Nimekupa."

"Utanipiga."

"Sikupigi tena, Mungu anasikia."

Akafikiri. "Ukisahau je?"

Jumatano, 13 Novemba

Mwalimu amenisimamisha getini, mwavuli umegeuzwa na upepo. "Bibi, kulikoni? Alikuwa anakuja vizuri, sasa amerudi nyuma kabisa. Ijumaa ijayo ndiyo mwisho wangu. Watoto watavaa ovaroli wenyewe, watafungua wenyewe, waandike majina yao. Siwezi kumwandikia asichokifanya."

Nikamweleza yote, na kofi. Nilitegemea anihukumu. Alinishika mkono tu, mkono wake umelowa kama wangu, akasema, "Basi usimwambie cheza. Hataki ruhusa yako tena."

"Anataka nini?"

"Sijui, Bibi. Wewe ndiye unaishi naye."

Binti yangu alipiga simu. Anauliza zawadi gani amletee mtoto akipanda darasa. Nikamwambia simu inakatika.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo sikushona. Mteja wa suruali aje Jumatatu.

Niliumwaga mkebe wote sakafuni na nikakaa chini mwenyewe, magoti yananipigia kelele. Sikumwita. Nikaanza kuvipanga kama nilivyokuwa nikipanga chini ya meza ya mama: vyeupe hapa, vya kahawia hapa, vyeusi hapa. Cha askari nikakipa nafasi yake peke yake, mkubwa wa kikosi. Nikasahau kama nilikuwa na shida. Nikawa nasikia kikanyagio kinapanda na kushuka, na harufu ya mafuta ya cherehani ya mama, na sauti yake, nichagulie vya bluu. Ee Mungu, umri wote huu, na vidole bado vinakumbuka njia.

Mkaguzi alikuja taratibu. Akasimama mbele yangu, mikono nyuma. Akatembea mstari wa kwanza. Akatembea wa pili. Kwenye vyeusi akasimama.

"Bibi, umekosea."

"Wapi?"

"Hapo."

"Sioni. Vyote vyeusi."

"Kimoja cha bluu."

Nikainama, kweli sikuona. Macho yangu ya mchana wa mvua hayatofautishi bluu iliyokolea na nyeusi, na sikuwa na miwani. "Kipi?"

"Hicho."

"Hiki?"

"Siyo!"

"Hiki?"

Akapiga mguu chini. Alikuwa amekereka kabisa, kama mkaguzi wa kweli. Mkono wa kulia ukatoka mgongoni, ukashuka, na kwa vidole viwili, taratibu, kama kuku anavyodonoa, akakiokota kifungo cha bluu katikati ya vyeusi bila kusogeza jirani yake hata mmoja. Akakiweka kwenye vya bluu. Akatazama mstari wote tena. Akasema, "Na hapa pia umekosea," na mkono wa kushoto ukaja.

Sikupiga makofi. Nilisema tu, "Sawa, mkaguzi," nikaendelea na vya kahawia, machozi yananidondokea kwenye gauni langu.

Jumatatu, 18 Novemba

Ameokota, amepanga, amekanda. Kaka yangu amemletea ubao na msasa: "Mkaguzi, lainisha hapa, mimi mikono imechoka." Anasugua bega zima linacheza.

Ovaroli yake nimefumua matundu, nimeyashona upya mapana kidogo. Nitayafumua na ya wenzake, nimemwambia mwalimu alete zote. Alicheka, akasema, "Nilidhani hutasema kamwe."

Ijumaa, 22 Novemba

Asubuhi mvua ilikuwa inapiga bati mpaka husikii mtu. Nilimwekea shati na ovaroli kitandani, nikasema, "Vaa."

Kisha nikafanya lililo gumu kuliko kushona koti la tabaka mbili. Nikasimama mlangoni, nikapeleka mikono yangu nyuma, nikaifumbata.

Alianza na shati. Kifungo cha kwanza akakipeleka kwenye tundu la pili. Vidole vyangu viliruka vyenyewe mgongoni kama samaki ndani ya kikapu. Nikavibana. Kikatoka, kikarudi, kikatoka. Ulimi ulikuwa nje, pembeni ya mdomo, vile vile alivyokuwa mama yake akiokota mchele. Kikapita. Akaenda cha pili. Nilijua kwamba akifuata hivyo kola itafika sikioni, na ilifika.

Kengele ya shule inasikika mpaka kwetu. Ililia yuko kwenye mkanda wa ovaroli. Kaka yangu alipita na kunong'ona, "Dada, atachelewa, si umsaidie tu?"

"Niondokee."

Mkanda ukateleza. Akaushika tena. Sikujua nimeshasogea mpaka nilipojikuta nimemwinamia, mkono wangu mmoja umeponyoka, umeelekea kifuani kwake. Hakunitazama. Alisema tu, ulimi bado nje:

"Bibi. Usiguse."

Nikaurudisha.

Tulitembea kwenye mvua. Mtaa mzima unajua mimi ndiye ninayeshona sare, na tumepita mbele ya wazazi wote pale getini, mjukuu wangu shati limekwenda upande, kola iko sikioni, mkanda mmoja umepinda kama barabara ya mlimani. Muuza mboga akaniita, "Fundi, leo umeshona umelala?" Nikamjibu, "Leo sikushona mimi." Sijawahi kujivuna hivyo barabarani. Mungu anisamehe kama ni dhambi.

Mwalimu alimtazama kutoka kola mpaka miguuni, akanitazama mimi. Tumefika mikono yetu yote minne iko mahali pake: yake mbele, yangu nyuma.

Jumatano, 27 Novemba

Amepanda. Mwalimu mwenyewe amekuja kuniambia. Jina lake limeandikwa likishuka kama ngazi, lakini karatasi haikutoboka.

Jumamosi, 30 Novemba

Binti yangu amefika mchana, jua limetoka, mji wote umeanika nguo. Nilikuwa na hofu ya kumweleza kofi, nikamweleza kabla hata hajavua viatu. Alinisikiliza, akasema, "Mama, mimi ulinipiga kwa macho tu, nikaelewa," na wala hakusema kwa ubaya. Nikaenda kukoleza pasi.

Mkaguzi alitoka kuoga na gauni lake, anajifunga mwenyewe vifungo vya mbele. Mama yake akapiga magoti haraka, mikono tayari: "Njoo nikufunge, mpenzi wangu."

"Mama, usiguse."

Binti yangu aliganda. Neno lile analijua. Mikono yake ilirudi nyuma yenyewe, mwanamke mzima, ikafumbatana, na hapo ndipo nikaona kwamba Mkaguzi hakuanza na mjukuu wangu.

Mtoto akamaliza kifungo cha mwisho. Akamtazama mama yake aliyepiga magoti hivyo, akamwonea huruma nadhani. Akamshika mkono, akauvuta kutoka mgongoni, akamkalisha mkekani na kuufungua mkebe.

"Ingiza," akamwambia. "Havikatazwi."

Mwanangu alinitazama mimi kwanza. Nikaitikia kwa kichwa. Akazamisha mkono mpaka kifundoni, akafumba macho, na mvua ile ikaanza tena kwenye bati.

Pasi imepata moto zamani. Nimeiacha, nimekaa sakafuni nao. "Nichagulieni vya bluu," nimewaambia.